Kamera Ipimayo Umbali

Mwaka 1954 kiwanda cha Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, kilitoa kamera iitwayo Leica M3. Katika Leica za kabla yake, mpiga picha alipima umbali katika kidirisha kimoja, kisha akahamisha jicho hadi cha pili ili aone mipaka ya picha. M3 iliviunganisha viwili hivyo kuwa kimoja. Katikati yake kitu huonekana maradufu. Lenzi huzungushwa mpaka sura mbili zipatane, ndipo picha itoke safi.

Lakini kamera hii humwadhibu mzembe. Kwa kuwa jicho halipiti katika lenzi, aliyesahau kuondoa kifuniko huona kila kitu sawasawa, na filimu isipate nuru hata kidogo. Tena filimu isiponaswa vema, picha zote 36 hupotea. Basi filimu ikiisha kukazwa, kila auvutapo wenzo wa kuisogeza na akitazame kifundo cha kuirudishia: kikizunguka, filimu inakwenda, kisipozunguka, asiendelee. Arusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.