Gitaa halifi kwa kupigwa

Leo nina jambo dogo, lakini limenigharimu.

Marehemu mjomba wangu aliniachia gitaa la nyuzi za chuma. Yeye alilipiga miaka mingi bila kasoro. Mimi nililiweka juu ya kabati, katika chumba cha bati kisicho na dari. Mchana mmoja wa Januari tukasikia mlio mkubwa chumbani. Kile kibao kilichogundishwa usoni, ambako nyuzi hufungwa, kilikuwa kimeng'oka na maganda ya mbao.

Fundi alinieleza kisa. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, usiku na mchana, uwe unapiga au umelala. Joto la bati likilegeza gundi, kibao hakina cha kukishikilia. Ndani ya gari lililoachwa juani ni vivyo hivyo.

Basi, kwanza ni mahali. Weka gitaa penye kivuli, mbali na bati na dirisha, ikiwezekana ndani ya sanduku lake.

Pili ni jasho. Sisi wa Dar es Salaam tunaujua unyevu wa pwani. Jasho lina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi.

Tatu ni shingo. Unapobadilisha nyuzi, sugua kwa mswaki mkavu taka zilizoganda kando ya vile vyuma vyembamba. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kausha papo hapo. Usipake mafuta ya kupikia, maana huchacha na kunata. Mafuta ya taa nayo yanaweza kuharibu vanishi.

Nne, kila mwezi kagua kile kibao. Karatasi ikipenya chini yake, legeza nyuzi umwone fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mjomba alikuwa akifuta gitaa lake kila jioni kwa kipande cha kanga kuukuu. Sisi watoto tulimcheka, tukidhani ni maringo. Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano. Sasa gitaa limetengenezwa na linalia tena, ila sauti ile ya mjomba sijaisikia.

Kwaherini hadi wiki ijayo.