Lucas Radebe, beki aliyeishi mioyoni mwa mashabiki wa Leeds

Lucas Radebe aliichezea Leeds United ya Uingereza mechi 200 za ligi bila kufunga hata bao moja, na aliondoka klabuni hapo bila kombe. Hata hivyo, miaka mingi baada ya kutundika daluga, beki huyo kutoka Afrika Kusini angali kipenzi kikubwa cha mashabiki wanaoujaza uwanja wa Elland Road. Siri ya mapenzi hayo ni utumishi wake: alicheza popote alipotakiwa, akabaki hata pale wengine walipofungasha virago.

Radebe alizaliwa mwaka 1969 Diepkloof, Soweto, enzi za utawala wa kibaguzi. Alipokuwa kijana wazazi wake walimpeleka Bophuthatswana ili awe mbali na vurugu za mitaani, na huko ndiko alikoanza kucheza kama kipa. Mwaka 1989 alijiunga na Kaizer Chiefs ya Johannesburg, akahamia kiungo kisha ulinzi. Mwaka 1991 alipigwa risasi mgongoni, akapona na kurejea uwanjani.

Mwaka 1994, miezi michache baada ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia nchini mwake, Leeds ilimnunua kwa pauni 250,000 pamoja na mshambuliaji Philemon Masinga. Aliyetakiwa hasa alikuwa Masinga. Radebe alionekana kama nyongeza, na miaka yake miwili ya mwanzo ilikuwa ya majeraha na benchi.

Mechi moja ya kipindi hicho inasimuliwa hadi leo. Tarehe 17 Aprili 1996, Leeds ilikuwa ugenini Old Trafford dhidi ya mahasimu wao wakubwa, Manchester United, waliokuwa wakiufukuzia ubingwa. Mapema tu kipa Mark Beeney akalimwa kadi nyekundu, na kwenye benchi hapakuwa na kipa wa akiba. Radebe akavaa glavu. Kwa zaidi ya saa nzima alipangua na kudaka mashuti, na wenyeji wakaambulia bao moja tu, la Roy Keane. Leeds ilipoteza mchezo, lakini mashabiki wake waliondoka wakimsifu beki aliyegeuka kipa.

Kocha George Graham, aliyewasili mwaka huo huo, alimpa nafasi ya kudumu kwenye ulinzi wa kati. Mwaka 1998 Radebe akakabidhiwa kitambaa cha unahodha. Mashabiki walimwita “Chief”, lakabu inayoikumbusha klabu yake ya nyumbani. Desemba 1999, Leeds ikiwa nyuma kwa mabao 2-1 ya mechi ya kwanza dhidi ya Spartak Moscow katika Kombe la UEFA, nahodha huyo alifunga dakika ya 84 bao pekee la marudiano na kuivusha timu kwa faida ya bao la ugenini. Leeds ilifika nusu fainali ya mashindano hayo.

Uzito wa mapenzi hayo unaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama historia ya uwanja wenyewe. Katika miaka ya 1960 Leeds ilikuwa na winga mweusi kutoka Afrika Kusini, Albert Johanneson, aliyecheza fainali ya Kombe la FA mwaka 1965 huku akivumilia matusi ya kibaguzi viwanjani. Miongo miwili baadaye makundi ya wabaguzi yalikuwa yakisambaza magazeti yao nje ya Elland Road, hadi mashabiki wenyewe walipojipanga kuyapinga. Katika uwanja huo huo Mwafrika kutoka Soweto akawa nahodha anayeimbiwa. Mwaka 2000 FIFA ilimpa Tuzo ya Mchezo wa Kiungwana kwa juhudi zake dhidi ya ubaguzi na kazi yake kwa watoto.

Kisha mambo yakaharibika. Madeni yaliilazimisha klabu kuuza nyota wake, akiwamo Rio Ferdinand aliyekwenda Manchester United mwaka 2002, na mwaka 2004 Leeds ikashuka daraja. Radebe, aliyekuwa ameandamwa na majeraha ya goti, hakuondoka hadi alipostaafu mwaka 2005. Mei mwaka huo, watu zaidi ya 37,000 walifurika Elland Road kumuaga, ingawa timu ilikuwa daraja la pili, na sehemu ya mapato ikaenda kwa mashirika ya hisani.

Heshima hiyo imevuka mipaka ya soka. Mwaka 2003 bendi ya vijana wa Leeds, wapenzi wa timu hiyo, ilijiita Kaiser Chiefs kwa sababu ya klabu alikotoka Radebe, na jina hilo likavuma duniani. Naye amekuwa akirudi Leeds mara kwa mara, na kila anapotambulishwa uwanjani jukwaa zima husimama. Mashabiki wengi wa leo hawakumwona akicheza. Wamerithi mapenzi hayo kwa wazazi wao, pamoja na sababu yake: timu ilipokuwa taabani, nahodha wao alibaki.