Augusta National: Klabu ya Faragha Mbele ya Macho ya Dunia

Gofu ya wanaume wa kulipwa ina mashindano manne yanayohesabiwa kuwa makuu kuliko mengine yote, nayo ni Masters, PGA Championship, US Open na The Open ya Uingereza. Matatu kati ya hayo huhama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, ilhali Masters hurudi kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, katika uwanja uleule wa klabu ya Augusta National, iliyoko katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, kusini mashariki mwa Marekani. Klabu hiyo ni ya watu binafsi na huilinda faragha yake kwa bidii: haipokei maombi ya uanachama, humwingiza yule tu iliyemwalika yenyewe, na haitangazi orodha ya wanachama wake, ambao hukadiriwa kuwa 300 hivi. Hata hivyo shindano lake hutazamwa na mamilioni ya watu duniani kote. Historia yake, kwa hiyo, ni historia ya mvutano kati ya haki ya kundi la watu kujichagulia wenzao na wajibu unaomwangukia kila mwenye kuukaribisha ulimwengu uani kwake. Nayo inaonyesha kwamba shindano lililobuniwa ili kuinusuru klabu ndilo lililokuja kuilazimisha ibadilike.

Ardhi ya klabu, yenye ukubwa wa ekari 365, ilikuwa hapo zamani shamba la nili, mmea uliotumiwa kutengenezea rangi ya buluu. Mnamo 1854, wakati utumwa ulipokuwa bado halali katika jimbo la Georgia, Dennis Redmond aliyemiliki shamba hilo alijenga nyumba ya zege ambayo hadi leo ndiyo jumba kuu la klabu. Miaka michache baadaye shamba lilinunuliwa na familia ya Berckmans, yenye asili ya Ubelgiji, ambayo ililigeuza kuwa kitalu cha biashara kilichojulikana kwa jina la Fruitland Nurseries na kuuza miche ya matunda na maua ya mapambo katika eneo zima la kusini. Njia ya miti ya magnolia inayoelekea kwenye jumba hilo ni urithi wa wakulima hao, na kila shimo la uwanja wa leo limepewa jina la mti au mmea mwingine.

Mtu aliyeigeuza bustani hiyo kuwa uwanja wa gofu alikuwa Bobby Jones, mwanasheria wa Atlanta aliyecheza maisha yake yote kama mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa fedha za ushindi. Mwaka 1930 Jones alishinda mataji manne makubwa ya wakati huo, ya wazi na ya ridhaa, katika nchi za Uingereza na Marekani, kisha akastaafu akiwa na umri wa miaka 28 tu. Kwa kuwa kila alipocheza alizongwa na umati, alitamani uwanja wa faragha ambamo angeweza kucheza na marafiki zake kwa utulivu. Alishirikiana na Clifford Roberts, mtaalamu wa fedha kutoka New York, ambaye baadaye aliiongoza klabu kwa mkono wa chuma hadi 1976, na kazi ya kusanifu uwanja ikakabidhiwa kwa Alister MacKenzie, daktari Mwingereza aliyewahi kuhudumu katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini na kujifunza humo namna maumbile ya ardhi yanavyoweza kulihadaa jicho la mwanadamu.

Jones na MacKenzie walikubaliana juu ya falsafa moja ambayo ndiyo siri ya uwanja huo. Katika gofu mchezaji hupiga mpira kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye grini, yaani sehemu ya nyasi zilizonyolewa fupi sana ambamo shimo limechimbwa, na kila shimo hupangiwa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia, idadi inayoitwa pa. Viwanja vingi vya zama hizo vilimwadhibu kila aliyekosea kwa kumzungushia vichaka na mashimo ya mchanga, lakini hawa wawili waliacha njia pana zenye vizuizi vichache na kuhamishia ugumu wote kwenye grini zilizoinama na kupinda, ili mchezaji wa kawaida aweze kuufurahia mchezo huku bingwa akilazimika kufikiri ni upande upi wa njia anaopaswa kuufikia kabla ya kulenga shimo. Mfano ulio bora ni shimo la 12, lenye urefu wa yadi 155 pekee na pa ya mikwaju mitatu, ambalo kijito cha Rae's Creek kinachopita mbele ya grini nyembamba, pamoja na upepo unaozunguka kati ya miti, vimelifanya liwapokonye ushindi wachezaji wengi waliokuwa wakiongoza.

Klabu ilizaliwa katika wakati mgumu. Uwanja ulikamilika katika miaka ya mwanzo ya Mdororo Mkuu wa Uchumi uliofuata kuanguka kwa soko la hisa mwaka 1929, na ingawa waasisi walikuwa wameota kupata wanachama zaidi ya elfu moja, waliojitokeza hawakufika hata mia. MacKenzie mwenyewe alifariki Januari 1934 bila kulipwa ujira wake wote. Baada ya juhudi za kuomba kuandaa US Open kugonga mwamba, Roberts na Jones waliamua kuwa na shindano lao wenyewe, wakitumaini kwamba jina la Jones, aliyekubali kurudi uwanjani kwa ajili hiyo, lingevuta wachezaji, waandishi na hatimaye wanachama. Walilipanga majira ya kuchipua, wakati waandishi wa michezo waliokwenda Florida kufuatilia mazoezi ya timu za besiboli walipokuwa njiani kurejea kaskazini, na shindano la kwanza likachezwa Machi 1934, mshindi akiwa Horton Smith. Mwaka uliofuata Gene Sarazen aliupiga mpira kutoka umbali wa zaidi ya yadi 200 ukatumbukia moja kwa moja katika shimo la 15, akalimaliza kwa mikwaju miwili badala ya mitano, akamfikia Craig Wood aliyekuwa mbele yake na kumshinda siku iliyofuata katika mchezo wa marudio. Habari za mkwaju huo zilienea kote nchini, na jina la Masters, ambalo Jones aliliona la majivuno mno, likakubaliwa rasmi mwaka 1939.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilisimamisha shindano kuanzia 1943 hadi 1945, na katika kipindi hicho klabu ilifuga ng'ombe na batamzinga uwanjani ili kujikimu. Baada ya amani kurejea, umaarufu wake ulikua haraka: koti la kijani, ambalo wanachama walilivaa tangu 1937 ili watazamaji wajue pa kuuliza maswali, lilianza kuvishwa mshindi mwaka 1949 alipolitwaa Sam Snead, Rais Dwight Eisenhower alikuwa mwanachama, na mwaka 1956 televisheni ilianza kurusha shindano hilo. Klabu ambayo iliwahi kukosa fedha za kumlipa msanifu wake sasa ilikuwa na uwezo wa kuyawekea masharti makampuni ya matangazo.

Hata hivyo macho yaliyoletwa na televisheni hayakuona maua peke yake. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu cha katiba kilichoruhusu uanachama kwa Wazungu tu hadi kilipofutwa mwaka 1961, na Charlie Sifford, Mmarekani mweusi aliyeshinda mashindano ya ngazi ya juu mwaka 1967 na 1969, hakualikwa Masters hata mara moja. Watu weusi waliokuwamo uwanjani walikuwa wahudumu na makedi, yaani wabeba mifuko ya fimbo na washauri wa wachezaji. Hadi 1982 kila mshiriki alilazimika kumtumia kedi wa klabu, na makedi hao wote walikuwa weusi. Ujuzi wao wa miinamo ya grini uliwasaidia mabingwa wengi kutwaa taji, nao wanastahili kutajwa miongoni mwa waliolijenga shindano hilo.

Kizuizi kilivunjwa na Lee Elder, mchezaji mwingine mweusi wa Marekani. Mwaka 1971 alikubali mwaliko wa Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini, kucheza nchini humo, katika zama za ubaguzi wa rangi, kwa sharti kwamba watazamaji wasitenganishwe, na mwaka huohuo akashinda mashindano ya wazi ya Nigeria. Kwa kuwa Masters ilikuwa imeanza kumwalika kila mshindi wa mashindano ya mzunguko mkuu wa Marekani, ushindi wake wa 1974 huko Pensacola ulimpa nafasi, na Aprili 1975 akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters, huku akikodi nyumba mbili kwa sababu ya vitisho vya kuuawa. Klabu ilimpokea Ron Townsend, mwanachama wake wa kwanza mweusi, mwaka 1990, baada ya kauli za kibaguzi za kiongozi wa klabu nyingine huko Alabama kuzusha hasira nchini kote. Miaka saba baadaye Tiger Woods, Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa na umri wa miaka 21, alishinda Masters kwa tofauti ya mikwaju 12, na Elder alikuwapo kumshuhudia.

Suala la wanawake lilifuata njia hiyohiyo ya upinzani kwanza na mabadiliko baadaye. Mwaka 2002 Martha Burk, kiongozi wa muungano wa mashirika ya wanawake, aliitaka klabu ipokee wanachama wa kike, na mwenyekiti Hootie Johnson akakataa hadharani, hata mashindano ya 2003 na 2004 yakarushwa bila matangazo ya biashara ili wadhamini wasiingizwe katika mzozo. Ni mwaka 2012 tu ambapo Condoleezza Rice, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na mfanyabiashara Darla Moore walikaribishwa, na mwaka 2019 klabu ikaanzisha shindano la wanawake wa ridhaa, ambalo Jennifer Kupcho alikuwa mshindi wake wa kwanza.

Afrika Mashariki nayo ina uzi wake katika historia hii. Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na kuchezwa kwa miaka mingi katika klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, ilitwaliwa na Seve Ballesteros mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986 na Trevor Immelman mwaka 2000, na wote watatu walikuja kuvishwa koti la kijani: Ballesteros mwaka 1980 na 1983, Woosnam mwaka 1991 na Immelman mwaka 2008.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Augusta National imeponywa na wageni wake mara mbili. Kwanza walimponya mwenyeji ufukara, walipofika kumtazama Jones. Kisha, kwa njia ndefu na yenye uchungu zaidi, wakaanza kumponya ubaguzi, kwa kuwa haikuwezekana kuwaalika walio bora duniani na papo hapo kuwakataa baadhi yao kwa rangi au jinsia bila dunia kuuliza. Aprili 2021 Elder aliketi pamoja na mabingwa wa zamani Player na Jack Nicklaus kama mfunguzi wa heshima wa shindano, miezi michache kabla ya kifo chake. Heshima hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilichelewa kwa miaka 46, na Sifford, aliyefariki mwaka 2015, hakuishi kuiona. Kwa hiyo sifa ya mabadiliko haya iwaendee kwanza wale waliobisha hodi wakati mlango ulipokuwa bado umefungwa.