Mama lishe wa kambini na jirani zake

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongomani. Mwaka 2015 wakaja Warundi wengi, huko na Nduta, Kibondo. Mrundi na Muha wanaelewana bila mkalimani. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Mkongomani ana Kiswahili chake, na sombe yake ndiyo kisamvu chetu. Kwa hiyo sokoni, penye maandazi na mishikaki, haikuhitajika semina ya ujirani mwema. Mwanakijiji alileta ndizi na mihogo, akanunua unga wa mgawo, akala kwa mama lishe mgeni.

Desemba 2016 WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha wajinunulie chakula. Agosti 2017 Serikali ikausimamisha mpango huo. Nje ya kambi nako, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilikwisha kuweka mpaka: kutoka ni kwa kibali.

Hofu ya usalama naielewa. Ujambazi wa silaha Kigoma si hadithi ya kutunga. Lakini mwenye sufuria anajulikana na kila mteja wake. Mimi ningeanza na huyo: apewe kibali cha siku ya gulio, auze Kasulu mjini, jioni arudi.