Foleni Isiyoonekana: Jinsi Kompyuta Inavyopanga Maombi na Maswali ya Wateja

Katika ofisi na maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja, kutwa nzima huingia maswali. Mgeni aliye ng'ambo anauliza kama nyumba ya wageni ina chumba. Mkaazi wa Nungwi anaarifu kwamba bomba la maji limepasuka. Mzee kutoka Makunduchi anataka kujua kwa nini ankara yake imepanda. Zamani watu hawa wangesimama mbele ya dirisha, na karani angewaona na kuwahesabu kwa macho. Siku hizi wengi wao hupiga simu, huandika barua pepe au hutuma ujumbe. Foleni ipo palepale, ila haionekani. Foleni isiyoonekana ni rahisi kusahauliwa, na anayesahauliwa huenda akawa ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote.

Katika makala haya tutaeleza namna programu za kompyuta zinavyotumika kuipanga foleni hiyo, na kanuni za hisabati zinazoiongoza.

Jambo lenyewe si geni. Waswahili wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash, lilifanywa ofisi kuu za serikali tangu mwaka 1911. Kazi za ofisi za namna hiyo zilitegemea masijala. Barua ilipoingia, iliandikwa katika rejista, ikapewa namba na tarehe, ikatiwa katika jalada lake, kisha jalada likapelekwa kwa ofisa anayehusika. Majalada mengi ya zama hizo yamehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani.

Programu ya kushughulikia maombi ya wateja ni masijala iliyotiwa katika kompyuta. Kazi yake yaweza kugawanywa katika hatua tano. Kwanza, hupokea maombi kutoka njia zote na kuyaweka mahali pamoja. Pili, hulipa kila ombi namba ya pekee, na kumjulisha mteja namba hiyo. Tatu, huliainisha: je, ni swali, ni malalamiko, au ni taarifa ya hitilafu? Nne, hulikabidhi kwa mtumishi mmoja anayejulikana kwa jina. Tano, huonyesha hali yake: ni jipya, linashughulikiwa, linasubiri jibu la mteja, au limefungwa. Kila linalotendeka huandikwa pamoja na saa yake. Kwa hiyo mtumishi akiugua au akienda likizo, mwenzake aweza kuendelea pale alipoachia.

Tukiisha kuwa na kumbukumbu hizo, hisabati yaweza kuanza kazi. Elimu ya foleni iliasisiwa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha uchunguzi wake juu ya simu zinazoingia katika kituo cha kuunganishia. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa Marekani, alithibitisha kanuni fupi ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuitumia:

M = K × S

Hapa M ni wastani wa maombi yaliyo wazi, K ni idadi ya maombi yanayoingia kwa siku, na S ni wastani wa siku ambazo ombi moja hukaa kabla ya kufungwa. Sharti lake ni kwamba, kwa kipindi kirefu, yanayofungwa yalingane na yanayoingia. Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi inapokea maombi 24 kwa siku, na kila moja hukaa wastani wa siku 3. Basi wakati wowote kutakuwa na maombi 72 yaliyo wazi. Mkuu wa ofisi akikuta idadi hiyo imepanda na kutulia kwenye 120, hali maombi yanayoingia ni yaleyale 24, atajua kwamba mteja sasa anangoja siku 5, hata kama hakuna aliyelalamika. Ikiwa yanaingia 24 na kufungwa 22 tu, limbikizo litaongezeka kwa maombi 2 kila siku, na baada ya siku 30 za kazi litakuwa limezidi kwa 60.

Kanuni ya pili inashangaza zaidi. Tuseme karani mmoja aweza kujibu wastani wa maswali 10 kwa saa, na maswali huja bila mpangilio maalumu, mengine mepesi na mengine mazito. Kwa foleni ya aina hiyo, muda wa wastani tangu swali kuingia hadi kujibiwa ni saa 1 ikigawanywa kwa tofauti ya uwezo wa karani na maswali yanayoingia. Yakiingia 8 kwa saa, muda ni 1/(10 − 8), yaani nusu saa. Yakiingia 9, muda ni saa nzima. Yakiingia 9.5, ni saa 2. Tazama: maswali yameongezeka kutoka 8 hadi 9 tu, lakini muda umekuwa maradufu. Kwa sababu hiyo, mkuu anayetaka watumishi wake wasipate hata dakika moja ya kupumua anawaongezea wateja wake muda wa kungoja. Nafasi ndogo iliyo tupu ndiyo inayopokea wingi wa ghafula.

Wingi wa ghafula Unguja inaujua. Kisiwa hupata umeme kutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ulikatika tena kwa miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulianza kutumika mwaka 2013. Hitilafu ya namna hii ni moja, lakini huzaa maswali maelfu. Programu iliyotengenezwa vizuri huyaunganisha yote chini ya kumbukumbu moja kuu. Jibu likiandikwa mara moja, huwafikia wote waliouliza. Tukio hilo lafundisha jambo la pili pia: kompyuta bila umeme ni sanduku tupu. Ofisi yenye busara huweka daftari la karatasi karibu, ili maombi yaandikwe humo na kuingizwa baadaye.

Je, anayetangulia kufika ahudumiwe kwanza daima? La. Taarifa ya maji machafu bombani haiwezi kungoja nyuma ya swali la kawaida juu ya ada. Kwa hiyo programu huweka daraja za uharaka, na kila daraja huwa na muda wake wa mwisho wa kujibiwa. Hata hivyo, daraja lazima zipangwe kwa uzito wa shida, wala si kwa ukali wa sauti ya mlalamikaji. Mwaka 2021 Zanzibar ilizindua mfumo uitwao Sema na Rais Mwinyi, ambao wananchi hupelekea malalamiko yao kwa njia ya kielektroniki. Mifumo kama hiyo huwafaa wenye simu na ujuzi wa kuitumia. Yule mzee anayefika ofisini kwa miguu yafaa naye aandikiwe ombi lake na kupewa namba kama wengine. La sivyo, kompyuta itakuwa imewaondolea wanyonge nafasi yao katika foleni.

Pana tahadhari mbili zaidi. Kumbukumbu hizi zina majina, simu na siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai kwamba taarifa kama hizo zikusanywe kwa kusudi halali na kulindwa. Tena, mtumishi anayepimwa kwa idadi ya maombi aliyoyafunga aweza kushawishika kuyafunga kabla shida haijatatuliwa. Dawa yake ni kumwuliza mteja kabla ya kufunga, na kuhesabu maombi yanayofunguliwa upya.

Wanafunzi waweza kuyathibitisha haya bila kompyuta. Kwa wiki 4, andikeni katika daftari kila ombi linaloletwa maktaba ya shule: namba, siku liliyoingia na siku lililofungwa. Kila jioni hesabuni yaliyo wazi. Mwishoni tafuteni wastani wa M, K na S, kisha mlinganishe M na K × S. Tofauti ndogo itatokana na maombi yaliyokuwa wazi mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Ikiwa tofauti ni kubwa, chunguzeni daftari lenyewe: huenda kuna ombi lililoletwa na halikuandikwa.