Jumbo Fupi la Alliance

Mwaka 1976 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilipokea Boeing 747SP, jumbo lililofupishwa kwa mita 14 hivi ili liwe jepesi na likae angani kwa saa nyingi bila kutua. Makaburu walioitawala nchi hiyo wakati huo kwa ubaguzi wa rangi waliihitaji kwa sababu nchi huru za Afrika zilikuwa zimewafungia anga. Ndege zao za kwenda Ulaya zilizunguka juu ya Atlantiki, zikiliacha bara zima mkono wa kulia. Miaka 20 haikutimia, ndege ya aina hiyohiyo ikawa inatua Dar es Salaam na Entebbe, safari hii kwa kukaribishwa.

Ilirushwa na Alliance, ubia wa Tanzania, Uganda na Afrika Kusini ulioanza safari mwaka 1995. Afrika Kusini ilishika asilimia 40 ya hisa. Zilizobaki zilikuwa za wenyeji. Mgawanyo huo una maana kubwa. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, anga ni mali ya nchi iliyo chini yake. Nani abebe abiria kati ya Entebbe na London ni jambo la Uganda na Uingereza kukubaliana, na kwa kawaida kila upande huteua shirika linalomilikiwa na watu wake. Afrika Kusini ilikuwa na ndege na marubani. Tanzania na Uganda zilikuwa na haki za safari, lakini tangu East African Airways ivunjike mwaka 1977 hazikuwa na nguvu ya kuzitumia ipasavyo.

Kwa maoni yangu wazo lilikuwa zuri, tena la heshima. Ndege ndiyo haikufaa.

SP ilitengenezwa kwa safari ndefu mno. Ina injini nne kama jumbo kamili, ila viti vichache zaidi vya kulipia mafuta yake, na chumba cha marubani kinadai mtu wa tatu, mhandisi. Sasa ipaishe Dar es Salaam, uitue Entebbe baada ya kilomita zipatazo 1,000, kisha uipaishe tena. Kupaa ndiko kunakokula mafuta na kuchosha injini kuliko yote. Baadaye Alliance ilihamia Boeing 767 yenye injini mbili, lakini hasara ilikuwa imeshaota mizizi. Oktoba 2000 shirika likafungwa.

Uganda Airlines ya zamani nayo ilikufa mwaka 2001. Serikali ya Tanzania iliwauzia Waafrika Kusini asilimia 49 ya Air Tanzania mwaka 2002, na ndoa hiyo ikavunjika 2006. Haki ya Entebbe–London ilibaki kwenye makaratasi ya Waganda miaka yote hiyo, hadi Mei 2025, Uganda Airlines iliyofufuliwa ilipoirusha Airbus A330 yake kuelekea Gatwick, kwa injini mbili.