Kabla mtoto hajaingia kwenye bwawa, tazama tundu la chini

Singida. Likizo zikifika, ombi la watoto wengi ni lilelile: tupelekeni tukaogelee. Mkoa wetu hauna bahari, na maziwa ya Singidani na Kindai pale mjini ni ya maji ya chumvi. Kwa familia nyingi, kuogelea maana yake ni bwawa la hotelini, liwe la hapa mkoani au la Dodoma, Arusha na Dar es Salaam mnaposafiri, au pale shule inapopanga ziara.

Mzazi akifika getini huuliza kiingilio ni shilingi ngapi, kina kikoje na kama kuna mtu wa kuwaangalia watoto. Ni maswali mazuri. Lipo moja ambalo wengi hatuliulizi: maji haya yanavutwa na pampu kupitia wapi, na tundu hilo limefunikwa na nini?

Swali hilo linaonekana la fundi bomba, lakini ni la mzazi pia. Bwawa la kuogelea si shimo lenye maji tu. Ni mtambo wenye mabomba, pampu, filta na valvu, yaani zile koki kubwa za kufungua na kufunga njia za maji. Mtambo huo ukitengenezwa vibaya au ukiachwa bila matunzo, unaweza kumnasa mtoto hata kama anajua kuogelea.

Mtoto aliyejua kuogelea

Juni 2002, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mtoto wa miaka 7 aitwaye Virginia Graeme Baker alikwenda na familia yake kwenye sherehe ya mahafali. Alikuwa mjukuu wa James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Graeme alijua kuogelea tangu akiwa mdogo.

Alipoingia kwenye bwawa dogo la maji ya moto, mvuto wa tundu la chini ulimnasa. Mama yake alijaribu kumvuta akashindwa. Waliofaulu kumtoa ni wanaume wawili, na walivuta kwa nguvu kiasi kwamba mfuniko wa tundu ulivunjika. Mtoto hakupona.

Juni 2007, katika jimbo la Minnesota, Abigail Taylor wa miaka 6 alikuwa kwenye bwawa la watoto wadogo, lile la maji ya kina kifupi ambalo mzazi yeyote angeliona salama. Mfuniko wa tundu haukuwepo mahali pake. Mvuto wa pampu ulimjeruhi vibaya tumboni na kuharibu utumbo wake. Alifariki dunia Machi 2008, baada ya kufanyiwa upasuaji mara nyingi.

Mwishoni mwa 2007 Marekani ilipitisha sheria inayobeba jina la Graeme, nayo ikaanza kutumika Desemba 2008. Inayataka mabwawa yote ya umma yawe na mifuniko maalumu isiyoweza kumnasa mtu. Bwawa lenye tundu moja tu la chini linatakiwa kuongezewa kinga nyingine.

Nguvu inatoka wapi?

Wakulima wa vitunguu wanaomwagilia kwa pampu ya petroli wanaijua nguvu hii. Mfuko wa plastiki ukinaswa kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea, maji hukatika na mfuko hung'ang'ania pale hadi uzime mashine. Ndiyo maana mdomo ule huwekewa chekeche.

Bwawa linafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Pampu huvuta maji kupitia njia mbili kuu. Ya kwanza ni tundu la sakafuni, kwa kawaida sehemu yenye kina kirefu. Ya pili ni midomo ya ukutani iliyo usawa wa maji, inayokusanya majani, vumbi na mafuta ya mwilini. Maji hupita kwenye filta, kisha hurudi bwawani kupitia matundu madogo ya ukutani. Matundu hayo ya kurudishia husukuma maji, hayavuti, kwa hiyo si yale ya kuogopa.

Hatari inaanza pale pampu moja inapovuta kupitia tundu moja. Mwili wa mtoto ukiliziba, maji hayana njia nyingine na pampu inaendelea kuvuta.

Chukua mfano wa tundu lenye upana wa sentimita 20, ambalo eneo lake ni sentimita za mraba 314 hivi. Pampu ikivuta kwa nusu tu ya presha ya hewa inayotuzunguka, kila sentimita ya mraba inabanwa kwa karibu nusu kilo. Jumla inazidi kilo 150, sawa na gunia moja na nusu la mahindi. Hakuna mtoto anayeweza kujinasua hapo, na mtu mzima mmoja aliye ndani ya maji hawezi kumvuta kirahisi.

Si tumbo au mgongo pekee unaonaswa. Nywele ndefu zinaweza kuingia kwenye matundu ya mfuniko na kujifunga fundo upande wa ndani. Kidole, mkono, mguu, kamba ya nguo ya kuogelea na mkufu navyo vinaweza kunasa.

Wahandisi walivyoitatua

Kinga zenyewe si ngumu kuelewa.

Ya kwanza ni kuweka matundu mawili au zaidi ya kuvutia, yakiachana angalau sentimita 90, na kuyaunganisha kwenye bomba moja bila koki ya kufunga upande mmoja. Mtoto akiziba tundu moja, pampu huvuta maji kwenye jingine na mvuto pale aliponasa hupungua sana.

Ya pili ni umbo la mfuniko. Mfuniko bapa huzibwa na mwili kwa urahisi. Uliobenuka kama bakuli lililofunikwa, au ulio mpana kuliko mwili wa mtu, haufanyi hivyo, kwa sababu maji hupata upenyo pembeni. Mfuniko huo hufungwa kwa skrubu. Plastiki yake huchakaa kwa jua na klorini, ndiyo maana mifuniko inayofuata viwango huandikwa muda wake wa kutumika.

Ya tatu ni kifaa kinachohisi mvuto ukipanda ghafla, kisha kinazima pampu au kuruhusu hewa iingie kwenye bomba. Hewa ikiingia, mvuto unakatika.

Ya nne ni kutoruhusu pampu ivute moja kwa moja kutoka bwawani. Maji huteremka yenyewe hadi kwenye tangi la pembeni, na pampu huvuta kutoka kwenye tangi hilo.

Kiangazi chetu na koki iliyofungwa

Hapa Singida mvua zina msimu mmoja, kisha ni miezi ya jua na upepo. Bwawa lililo wazi hupoteza maji kila siku, na kuyajazia ni gharama. Matokeo yake, usawa wa maji hushuka chini ya ile midomo ya ukutani.

Likitokea hilo, midomo inaanza kuvuta hewa badala ya maji, na pampu hupiga kelele na kupoteza nguvu. Mhudumu anayetaka kuiokoa pampu anaweza kufanya jambo linaloonekana la busara: anafunga koki ya njia ya juu. Pampu inatulia. Lakini kuanzia hapo mvuto wote umehamia kwenye tundu la chini.

Bwawa lile ambalo wiki iliyopita lilikuwa na njia mbili za kuvuta sasa lina moja. Kwa macho hakuna kilichobadilika ila maji yamepungua kidogo. Hiyo ndiyo dalili ambayo mzazi anaweza kuiona. Usawa mzuri wa maji ni katikati ya mdomo wa ukutani. Ukikuta midomo imeachwa juu, mikavu, na pampu inanguruma, usimruhusu mtoto aingie.

Kuna valvu nyingine inayogusa afya ya mtoto kwa njia tofauti. Juu au ubavuni mwa filta ya mchanga huwa kuna valvu yenye mkono, na kwa kawaida ina nafasi sita. Moja ni ya kuchuja, nyingine ya kusafisha mchanga kwa kuyapitisha maji kinyume, nyingine ya kumwaga. Mkono huo hutakiwa kuzungushwa pampu ikiwa imezimwa. Ukizungushwa pampu ikiwa inafanya kazi, mpira wa ndani unaweza kutoka mahali pake au kukatika, na maji machafu yakapenya kurudi bwawani bila kuchujwa.

Kusafisha mchanga kunakula maji. Pampu inayosukuma lita 200 kwa dakika, ikisafisha kwa dakika 3, imemwaga lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Mahali ambapo maji ni ya kuhesabu, ni rahisi kwa mwenye bwawa kusema tutasafisha wiki ijayo. Wiki zikipita, mchanga huziba, maji hupoteza uangavu, na klorini huishia kupambana na uchafu badala ya vijidudu.

Hapo ndipo huanza kuharisha, macho kuwasha na masikio kuuma baada ya siku ya kuogelea. Kuna kimelea cha kuharisha kiitwacho Cryptosporidium kinachoweza kuishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Kwa sababu hiyo mtoto anayeharisha abaki nyumbani, hata kama safari imeshalipiwa.

Na harufu kali tunayodhani ni ya klorini nyingi, mara nyingi ni ya klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo. Bwawa safi halinuki sana.

Mambo ya kukagua kwa dakika tano

Fanya haya mtoto akiwa bado amevaa viatu.

1. Simama ukingoni utazame tundu la chini kwenye kina kirefu. Ukiliona vizuri, maji ni maangavu. Usipoliona, msiingie, kwa sababu hata mtoto akizama hutamwona.

2. Angalia mfuniko wake. Uwepo, usiwe na ufa, usiwe umeinuka upande mmoja. Hesabu matundu: yakiwa mawili yaliyoachana, ni afadhali zaidi kuliko moja.

3. Angalia usawa wa maji kwenye midomo ya ukutani, na kama midomo hiyo ina vifuniko vyake.

4. Tafuta ukutani, chini ya maji, tundu la kuunganishia mpira wa kufyonzea uchafu. Nalo huvuta. Liwe limefungwa.

5. Muulize mhudumu kwa ustaarabu: "Samahani kaka, ikitokea shida pampu inazimwa wapi?" Akikuonyesha swichi papo hapo, mshukuru. Akikuambia ufunguo anao bosi na bosi yuko safarini, umeshapata jibu lako.

6. Kagua na bwawa la wadogo. Mtoto wa miaka mitatu hupenda kukaa chini, na anaweza kukalia tundu.

7. Mfunge binti nywele au umvishe kofia ya kuogelea. Vua mikufu. Kata au ficha kamba zinazoning'inia.

Waambie watoto kwa maneno wanayoyaelewa: tundu la chini si la kuchezea, hatukalii, hatuingizi vidole, hatushindani nani atagusa mfuniko.

Mtoto akinaswa

Usianze kwa kumvuta. Piga kelele pampu izimwe, kwenye swichi yake au swichi kuu ya umeme. Hilo ndilo la kwanza.

Wakati huohuo, mtu mwingine aingie majini na kujaribu kupenyeza vidole au mkono kati ya mwili wa mtoto na tundu, akianzia pembeni, ili maji yapite na mvuto ukatike. Kumvuta kwenda juu moja kwa moja ni kushindana na zile kilo 150. Kama ni nywele zimenasa, zikatwe.

Akitolewa hapumui, aanze kupewa pumzi na kukandamizwa kifua mara moja huku usafiri wa kwenda hospitali ukitafutwa. Aliyenaswa tumbo au makalio apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, maana jeraha linaweza kuwa ndani.

Jicho la mzazi

Kunaswa na tundu hutokea mara chache. Kuzama kwa kawaida ndiko kunakoua wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Idadi kubwa ni ya nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, ambako visima, malambo, mito na maziwa vipo karibu na nyumba. Kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, na simu ikae mfukoni.

Tofauti ni kwamba hatari ya tundu inaweza kuondolewa kabisa na fundi. Tangu sheria ile ya Marekani ianze kutumika, tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo kwa miaka mingi ilitoa taarifa kwamba hakukuwa na mtoto aliyeripotiwa kufa kwa kunaswa na tundu kwenye bwawa la umma. Kilichobadilika ni mifuniko, mabomba na valvu.

Ukikuta mfuniko haupo, mwambie mwenye bwawa siku hiyohiyo. Asipochukua hatua, mpe taarifa afisa afya wa kata au wa halmashauri yako, na uwaambie wazazi wenzako kwenye kundi la darasa kabla basi la ziara halijaondoka.